Mioyo Miwili Chini ya Ngozi Moja: Swali la Leba za Ufipa

Mkunga aliyefundwa vizuri hasikilizi kwa sikio peke yake. Sikio liko kwenye fetoskopu, ile pembe fupi ya mbao au alumini ambayo umbo lake halijabadilika sana tangu Mfaransa Adolphe Pinard alipoitoa mwaka 1895. Vidole vya mkono wake viko kwenye kifundo cha mkono wa mama, vikihesabu mshipa. Kinachosikika kikienda sambamba na kinachogonga vidoleni, anajua bado hajampata mtoto. Anahamisha fetoskopu, anautafuta upya mgongo wa mtoto, kisha anasikiliza dakika nzima mara tu uchungu unapoachia. Huko ndiko kumtenga mtoto na mama kusikohitaji betri.

Wahandisi nao wana jibu lao kwa swali hilohilo. Wanabandika elektrodi chache juu ya ngozi ya tumbo bila kuingiza chochote mwilini, wanarekodi umeme unaofika hapo, kisha wanaiachia kompyuta kazi ya kuutoa moyo wa mtoto katikati ya vurugu ya moyo wa mama. Ukisoma makala za kisayansi utadhani kazi imekwisha. Mimi naona hesabu ya kutenganisha mioyo hiyo imekwenda mbele sana kuliko rekodi zinazotumika kuipima, na mahali kama Sumbawanga, hapa Ufipa mkoani Rukwa, ndipo pengo hilo linapoonekana wazi. Wanawake wetu hawamo kwenye rekodi hizo, baridi yetu haimo, na safari zetu za kukifikia chumba cha upasuaji hazimo.

Tuanze na umeme wenyewe. Moyo wa mtoto hutoa umeme kama wa mtu mzima, ila kidogo mno. Max Cremer, mwanafiziolojia wa Munich, aliunasa kwa mara ya kwanza mwaka 1906, elektrodi moja ikiwa juu ya tumbo na nyingine ukeni. Mapigo ya mtoto yalionekana kama mikwaruzo midogo kati ya mapigo makubwa ya mama. Ukubwa ndio chanzo cha shida yote. Kwenye ngozi ya tumbo, pigo la mtoto mara nyingi ni maikrovolti chache hadi makumi machache, yaani sehemu za milioni moja za volti, na la mama laweza kulizidi mara kumi. Juu ya hayo kuna umeme wa misuli ya tumbo, umeme wa mfuko wa uzazi unapokaza, mtikisiko wa pumzi, na mngurumo wa hezi 50 kutoka nyaya za ukutani. Mngurumo wa nyaya huchujwa bila taabu kwa kuwa una masafa yake maalumu. Mama na mtoto hawachujiki hivyo. Masafa ya mapigo yao yanaingiliana, na chujio litakalomfuta mama litaondoka na mtoto pia.

Imebidi basi kutafuta njia nyingine. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kutengeneza sura ya wastani ya pigo la mama na kuitoa kwenye rekodi kila mama anapopiga. Inafanya kazi hata kwenye simu ya bei nafuu, na naiheshimu kwa sababu hiyo. Udhaifu wake ni kwamba mama akipiga mara 80 kwa dakika na mtoto 140, mapigo kadhaa ya mtoto lazima yaangukie juu ya ya mama, na hapo hufutwa au huharibika. Mwaka 1975 Bernard Widrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia ya pili. Waliweka elektrodi kifuani, ambako mama husikika bila mtoto, wakaitumia rekodi hiyo kama rejea ya kumwondoa mama kwenye rekodi ya tumbo, mashine ikijirekebisha yenyewe kadiri inavyoendelea. Ukiitazama vizuri, ni kazi ileile ya vidole kwenye kifundo cha mkono: mjue mama kwa uhakika, ndipo umtafute mtoto. Wakunga walikuwa na rejea yao miaka mingi kabla ya Stanford.

Njia ya tatu haihitaji rejea. Chukulia ngoma mbili, kubwa na ndogo, zinapigwa uwanjani kwa midundo isiyohusiana, na watu wanne wamesimama pembe nne. Hakuna anayeisikia ndogo peke yake, ila kila mmoja anapata mchanganyiko wake; ukiilinganisha michanganyiko yote minne kwa hesabu sahihi, unaweza kuzirudisha ngoma mbili zilizo mbalimbali bila kumwona mpigaji. Hesabu hiyo ilianza kujengwa Ufaransa miaka ya 1980 na Jeanny Hérault na Christian Jutten. Mwaka 2000 Lieven De Lathauwer, Bart De Moor na Joos Vandewalle wa Leuven, Ubelgiji, waliionyesha kwenye tumbo la mjamzito, na picha za makala yao bado zinapendeza: mama upande huu, mtoto upande ule. Masharti yake ni mawili, elektrodi ziwe za kutosha na mchanganyiko usibadilikebadilike. Mtoto akigeuka, mchanganyiko umebadilika.

Sasa imekuja akili mnemba, mitandao inayolishwa maelfu ya mifano hadi ijifunze yenyewe kumchomoa mtoto. Kabla ya kuishangilia, tuulize mifano hiyo imetoka wapi.

Rekodi maarufu ya Leuven, iliyopita katika makala nyingi mno za fani hii, ina urefu wa sekunde 10. Hifadhi nyingine ya wazi ina rekodi 55 kuanzia wiki ya 21 hadi ya 40, na zote ni za mwanamke mmoja. Ya tatu ilirekodiwa Poland, wanawake watano wakiwa katika uchungu, dakika tano kila mmoja. Ina thamani kubwa kwa sababu palikuwa pia na elektrodi kichwani mwa mtoto, hivyo jibu la kweli linajulikana. Mwaka 2013 hifadhi ya PhysioNet iliandaa shindano la kimataifa kwa rekodi 447 za chaneli nne, sampuli 1,000 kwa sekunde, dakika moja moja. Timu za Pisa na Oxford zilifanya vizuri sana, na programu zilizotolewa bure zimewasaidia watafiti hadi leo.

Lakini dakika moja haitoshi kwa leba. Katika uchungu uliokomaa mfuko wa uzazi hukaza mara tatu au nne kila dakika kumi. Mtoto anayeanza kukosa hewa mara nyingi hujionyesha baada tu ya mkazo: mapigo yanashuka na kuchelewa kurudi. Ili kuliona hilo unahitaji kuufuata mkazo tangu unapoanza hadi mtoto anapotulia, kisha unaofuata, kisha mwingine. Dakika hizohizo ndizo chafu kuliko zote kwa elektrodi, maana mama anajikunja, anasukuma, misuli yote ya tumbo inatoa umeme. Programu inayosoma vizuri mama aliyelala kimya na kupotea mkazo unapokuja inatunyima dakika tulizozihitaji.

Kuna hatari nyingine inayonisumbua zaidi. Programu nyingi zimejengwa juu ya imani kwamba moyo wa mtoto upo na unapiga kwa mpangilio, hivyo pigo lililokuja mbali na lilipotarajiwa huhesabiwa kuwa kelele na kutupwa. Mtandao uliofunzwa kwa matumbo yenye watoto hai tu umejifunza kwamba moyo haukosekani kamwe. Utafanya nini kwa mtoto ambaye moyo wake umeshuka ghafla hadi 70? Utafanya nini kwa aliyekwisha kufa? Mashine za dopla, zinazoutafuta moyo kwa mawimbi ya sauti, nazo zina kasoro ya jamaa hiyo: zinaweza kuyahesabu mapigo ya mama mara mbili, au kumkamata yeye badala ya mtoto, hasa mshipa wake unapofika 120 kwa homa au uchovu wa kusukuma, kiwango ambacho kwa mtoto ni cha kawaida kabisa, kwa kuwa kawaida yake ni 110 hadi 160. Katika Bonde la Rukwa, ambako joto na malaria havifanani na vya juu Sumbawanga, mama mwenye homa katika leba hayuko kwenye vitabu tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo njia ya umeme ina faida yake kubwa. Inarekodi mioyo yote miwili kwa pamoja, kwa hiyo ikitengenezwa kwa uaminifu inaweza kuonyesha mama ni huyu na mtoto ni yule, na ikishindwa iseme imeshindwa.

Tanzania imewahi kujifunza kwa uchungu kwamba moyo unaweza kuwapo na asipatikane wa kuuona. Georgina Msemo na wenzake walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwafundisha wahudumu wa hospitali nane nchini kuwasaidia watoto wasiolia wanapozaliwa. Vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Pamoja na hayo, idadi ya waliozaliwa wafu katika hali ya kuonyesha wamefariki muda mfupi tu kabla ilipungua kwa asilimia 24, na sehemu ya maelezo ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai, moyo ukipiga taratibu bila mtu kuusikiliza.

Mwili wenyewe nao una vizuizi vyake. Kuanzia takribani wiki ya 28 hadi ya 32 mtoto hufunikwa na utando mweupe wa mafuta unaoilinda ngozi yake, na utando huo huzuia umeme. Rekodi iliyokuwa nzuri wiki ya 24 inaweza kufifia kabisa wiki ya 30, kisha ikarudi kadiri mimba inavyokomaa. Kwa mama aliyefikisha miezi tisa hilo si tatizo kubwa. Kwa mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea, au aliyeshikwa na uchungu kabla ya wakati, njia hii inaweza kunyamaza palepale tunapoihitaji. Dopla haizuiwi na utando huo, kwa kuwa hutumia mawimbi ya sauti. Haya yameandikwa na kujulikana duniani.

Baridi haijaandikwa sana. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, na anayeijua Juni na Julai ya Ufipa hahitaji kuelezwa. Mama anayetetemeka hutoa umeme wa misuli tumbo zima, na umeme huo hauna masafa maalumu ya kuchujwa kama ya nyaya. Ngozi kavu ya majira hayo nayo huipa elektrodi mgusano mbaya. Inabidi isuguliwe kidogo na kupakwa jeli kabla ya kubandika. Blanketi na chumba chenye joto ni sehemu ya kifaa, na bajeti isiyo na vitu hivyo haijakamilika. Tatizo la umeme wa ukutani kwa kweli ni jepesi zaidi: mkoa huu kwa miaka mingi umepata nishati yake kutoka Zambia, umeme unakatika, na kila mtu amejipanga kwa hilo. Kifaa cha elektrodi kinatumia umeme kidogo, kinaishi kwa betri, na kikitengwa na ukuta mngurumo wa nyaya unapungua pia.

Kifaa kizuri kikipatikana kitaokoa nani? Utafiti uliofanyika Tanzania unatupa jibu ambalo mabingwa wa hesabu hawalisemi mara nyingi. Kampuni ya Laerdal ya Norway ilitengeneza kifaa cha dopla kinachofungwa tumboni kwa mkanda na kusikiliza mfululizo, kikaitwa Moyo, na sehemu kubwa ya majaribio yake ilifanyika katika hospitali za Haydom, Muhimbili na Temeke. Jaribio la Haydom lililoongozwa na Paschal Mdoe, lililochapishwa mwaka 2018, lilikilinganisha na fetoskopu. Kifaa hicho kiligundua mapigo mabaya mara nyingi zaidi, jambo tulilolitarajia, lakini vifo na hali ya watoto baada ya kuzaliwa havikutofautiana kwa namna ya kuthibitika. Uganda nako, jaribio la Kampala lililolinganisha dopla ya kuzungusha kwa mkono na fetoskopu lilifika karibu na hapohapo mwaka 2015. Nchi tajiri zimepita njia hiyo kabla yetu. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kumfunga mama mashine ya kurekodi mfululizo wakati wote wa uchungu, badala ya kumsikiliza kwa vipindi, hupunguza degedege za watoto wachanga kwa karibu nusu, hakupunguzi vifo kwa jumla, na huongeza upasuaji. Shirika la Afya Duniani kwa sababu hiyo linashauri mama mwenye afya njema asikilizwe kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika tano anapoanza kusukuma. Hata kuchambua umbo la wimbi la moyo wa mtoto, ahadi ambayo umeme unayo na dopla haina, kulijaribiwa Marekani kwa wanawake zaidi ya 11,000 kwa kutumia elektrodi za kichwani. Matokeo ya mwaka 2015 hayakuonyesha faida.

Kilichobadilisha vifo nchini mwetu kilikuja kikiwa na mambo mengi pamoja. Mpango wa Uzazi Salama unaoongozwa na Haydom ulizifikia hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Palikuwa na Moyo, palikuwa na kifaa cha NeoBeat cha kumvisha mtoto akishazaliwa, na zaidi ya vyote palikuwa na mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, wasimamizi kutoka miongoni mwa wahudumu wenyewe, na takwimu za kituo zikirudishwa kwa waliozizalisha. Benjamin Kamala na wenzake walichapisha mwaka 2025 kwamba vifo vya watoto kabla na muda mfupi baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000, ingawa matokeo yalitofautiana kati ya mkoa na mkoa. Rukwa haukuwamo kati ya mikoa hiyo mitano. NeoBeat, kwa taarifa ya wanaoiogopa teknolojia ya umeme, inasoma moyo kwa elektrodi kavu. Leba zetu zimeshauzoea umeme wa moyo wa mtoto, ila unaanza kusomwa akishatoka.

Sasa iweke elimu hiyo juu ya ramani. Ufipa ni tambarare iliyoinuliwa kati ya mabonde mawili, upande mmoja Ziwa Tanganyika na vijiji vyake vya Kasanga, Kirando na Kabwe, upande wa pili Ziwa Rukwa, na Mtowisa chini ya ukingo. Mama wa mwambao au wa bondeni akihitaji upasuaji ambao kituo chake hakiwezi kuufanya, anapanda. Mfumo wa m-mama, ambao kwa simu ya 115 bila malipo humwita dereva wa jamii pale ambulansi inapokosekana, umepunguza upweke wa safari hiyo, lakini mlima haukuondoka. Kwa hiyo thamani ya kusikia mapema huko haifanani na ya Dar es Salaam. Kengele inayolia dakika kumi kabla mtoto hajachoka kabisa inatosha hospitali ya rufaa ya mkoa pale mjini, ambako chumba cha upasuaji kiko korido ya pili. Kirando haitoshi. Anayeishi huko anahitaji kujua siku au wiki kabla kwamba mtoto huyu ana dalili za udhaifu, ili mama ahamie karibu na mji mapema.

Hii ndiyo sababu nadhani kazi ya kwanza ya njia ya umeme Ufipa iwe kliniki ya wajawazito kabla ya leba. Elektrodi hazitumi kitu mwilini, zinapokea tu; mama anaweza kuvaa kifaa saa kadhaa akiwa ameketi au amelala, na kutoka pigo hadi pigo ukapatikana mtikisiko mdogo wa mwendo wa moyo ambao dopla huulainisha. Mtikisiko huo hupungua kwa mtoto anayekua kwa shida. Utando wa wiki ya 28 hadi 32 utakula sehemu ya ahadi hiyo, na inabidi kulikubali hilo na kupanga vipimo kabla na baada yake, dopla ikiziba katikati.

Hakuna sababu ya kusubiri kifaa kamili kutoka ng'ambo. Wanafunzi wa Makerere waliunganisha pembe ya Pinard na maikrofoni na simu mwaka 2012 wakaiita WinSenga. Guatemala, wakunga wa jadi wa Kimaya wamerekodi moyo wa watoto kwa dopla ya bei nafuu iliyounganishwa na simu, wakishirikiana na kundi la watafiti la Gari Clifford, na rekodi hizo zimekuwa malighafi ya utafiti unaowahusu wao wenyewe. Hapa kwetu nako kuna mfano: Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga ina jina la Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa utabibu Malta, akaja Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuwatibu watu wa mwambao hadi miaka ya 1950. Nadhani tiba ilipokelewa huku kwa sababu alikaa, akaijua lugha na magonjwa ya mahali.

Rekodi ninazozitamani ni ndefu, za saa badala ya dakika. Zichukuliwe juu ya tambarare wakati wa baridi na bondeni wakati wa joto, mama akitembea, akitetemeka, akisukuma. Kando ya kila moja mkunga aandike alichosikia, mshipa wa mama, na hali ya mtoto alipozaliwa, wakiwamo waliofariki, kwa ridhaa ya wazazi iliyoombwa kwa upole na kwa lugha wanayoielewa. Bila watoto hao hakuna programu itakayojifunza kusema kwamba haioni moyo. Kibali kitoke kwenye mamlaka za utafiti za nchi, taarifa zilindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na gharama ya elektrodi, ambazo nyingi hutumika mara moja na kutupwa, iandikwe tangu siku ya kwanza. Kisha, zikishafutwa majina, zihifadhiwe hapa nchini, ili mwanafunzi wa uhandisi aliyeko Mbeya azipakue, ajaribu hesabu yake kwa wanawake wa Ufipa, na apande basi kwenda Sumbawanga kuwauliza wakunga kwa nini imekosea.